Mhimili wa Kulia

Jumanne, tarehe ishirini na nane, mwezi wa tano. Tangu alfajiri yalikuwa yakidondoka manyunyu membamba, yale yasiyomfanya mtu afungue mwavuli lakini yanamlowesha mabega kabla hajafika kona ya barabara. Mama Daftari aliizungushia laptopu taulo, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, kisha kwenye mkoba, halafu akakaa kitandani akiwa ameipakata kama mtoto aliyelala. Saa tatu walitakiwa zahanati. Mdogo wake alikuwa amempigia simu jana yake na kumwambia maneno mawili tu: "Uje nayo."

Aliomba. Tangu wamzike mama yao, wiki mbili zilizopita, kila sala yake ilikuwa inakatikia katikati, kwa sababu akifika mahali pa kusema ukweli ulimi ulikuwa mzito. Asubuhi hii hakutafuta maneno mengi. "Mungu wangu, nipe mdomo," alisema, akanyamaza, akasubiri. Hakusikia kitu isipokuwa maji yakichuruzika kwenye bati.

"Mwanangu, tutachelewa!" Shangazi aliita kutoka mlangoni. "Au hiyo mashine nayo unaipiga pasi?"

Kupiga pasi ndiyo kazi aliyoijua. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama kwenye duka la dobi, mvuke usoni, mashati ya watu mkononi. Jina la Mama Daftari halikutokana na mtoto, maana hakujaliwa kuzaa. Alipewa na wenzake wa darasa la kompyuta la jioni. Wao walikuwa vijana, wakimrekodi mwalimu kwa simu zao, na yeye, mwenye miaka arobaini na saba, aliandika kila hatua kwa kalamu: bofya mara moja, subiri, usiogope. Siku moja umeme ulikatika na simu zikaisha chaji, darasa zima likaja kunakili kwake, na tangu siku hiyo jina likamganda.

Alikwenda darasani akitaka tu kuijua kompyuta kabla hajazeeka. Lakini mwezi wa tatu mwaka huo mama yao aliugua. Hospitali kubwa walimkuta na uvimbe tumboni, wakamrudisha nyumbani kwa maneno ya upole. Sista wa zahanati ya mtaani akawa anakuja mara mbili kwa wiki kumpima uzito na kumpa dawa za maumivu. Siku nyingine Mama Daftari alimpima mwenyewe, akapima na maziwa na maji aliyokunywa, akaandika yote.

Mdogo wake, ambaye nyumbani wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alikuwa mbali, mwendo wa siku nzima na nusu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye ujenzi wa daraja. Jioni moja alipiga simu, akazungumza na watu watatu, kisha akakasirika.

"Dada, nyinyi mnanichanganya. Wewe unalia, Shangazi anatia chumvi, Mama anasema hajambo. Nimwamini nani? Hebu nitumie hayo mahesabu yako kwa picha, nione mwenyewe kwa macho yangu."

Basi Mama Daftari alimfuata Mwalimu wa jioni na lahajedwali lake, lile jedwali la namba kwenye kompyuta, akamwonyesha grafu aliyoichora.

"Mwalimu, mstari mmoja umepaa huko juu, na mwingine umelala chini kabisa. Uzito wa mama yangu umekuwa kama uzi ulioanguka sakafuni."

"Ni kwa sababu umewapandisha wote ngazi moja," Mwalimu alisema. "Mmoja anahesabiwa kwa mililita elfu, mwingine kwa kilo hamsini. Watalingana vipi? Mpe kila mmoja ngazi yake. Mhimili wa kushoto, hiyo nguzo yenye namba, uwe wa mililita, mhimili wa kulia uwe wa kilo."

Alimwonyesha pa kubofya. Kisha akaligeukia darasa zima. "Ila muwe macho. Mhimili unapoanzia na unapoishia, mnapanga nyinyi. Ukiubana, kichuguu kinakuwa mlima. Ukiutanua, mlima unakuwa meza."

"Kwa hiyo Mwalimu," kijana mmoja alidakia kutoka nyuma, "matokeo yangu ya mtihani naweza kuyatanua?"

"Yako hata ukiyatanua hadi nje ya karatasi, baba yako atayaona tu."

Walicheka wote. Mama Daftari naye alicheka, huku akiandika.

Jumapili iliyofuata aliichora upya, amekaa kando ya kitanda cha mama yake. Kilo zilikuwa zimeshuka kutoka hamsini na tatu hadi hamsini. Kompyuta yenyewe iliupangia mhimili wa kulia uanzie arobaini na tisa na uishie hamsini na nne, na ndani ya nafasi hiyo finyu mstari mwekundu uliporomoka kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini. Alihisi kama mtu amemzaba kofi. Wiki mbili alikuwa akilisha kwa kijiko, akigeuza, akifua, akiamka. Na hii hapa grafu inasema amefanya nini? Ameangusha.

"Huyo anayeporomoka ndiye mimi?" Mama aliuliza kutoka kwenye mto.

"Ni uzito tu, Mama."

"Na huyo wa bluu?"

"Ni maziwa na maji unayokunywa."

"Wa bluu ana afadhali. Ana adabu." Mama alipumzika kidogo, akapata pumzi. "Usimpelekee Kitinda hiyo. Akiiona ataacha kila kitu, na daraja limebaki wiki nane. Nitafika. Kwani huo mwekundu hauwezi kunyooka?"

"Siwezi kubadilisha namba, Mama."

"Nani amesema namba? Nimesema mstari."

Mama Daftari alifungua daftari, akatafuta ukurasa. Alibofya mhimili wa kulia. Kiwango cha chini akaandika sifuri, kiwango cha juu akaandika mia. Mstari ulipungua mteremko, lakini bado uliinama. Akafuta mia, akaandika mia tatu. Sasa ulikaa sawasawa kama meza ya kupigia pasi. Akaenda mhimili wa kushoto, akaubana kati ya mia tisa na elfu moja na mia tatu, na ule wa bluu, ambao mililita zake zilikuwa zimeongezeka kidogo tu, ukapanda kama mtu anayepanda ghorofani.

Jioni hiyo alimwambia Mungu, "Sikugusa namba hata moja." Lilikuwa neno la kweli. Lakini aliinuka kwenye sala akiwa mzito kuliko alivyopiga magoti.

Jibu la Kitinda lilifika haraka. "Safi sana Dada! Mama hajatetereka hata kidogo. Mungu aibariki mikono yako."

Aliyasoma maneno hayo mara nyingi. Yeye ndiye aliyeacha shule darasa la tano ili ambebe mtoto huyu mgongoni wakati mama yao yuko kibaruani. Mtoto alisoma, akapata ufundi, akapata cheti. Dada alibaki na pasi. Katika miaka yote hiyo, kijana hakuwahi kumwambia neno baya, ila hili zuri pia hakuwahi kulisema. Jumapili ya pili alilitamani tena. Na ya tatu. Kila wiki kilo zilipungua, na kila wiki mhimili wa kulia ulibaki kwenye mia tatu.

Zilipobaki wiki tatu daraja likamilike, Sista alimshika mkono getini wakati anaondoka.

"Dada, mwite mdogo wako. Asisubiri."

Hakumwita. Mama alifariki Ijumaa asubuhi, zikiwa zimebaki siku tisa.

Yote hayo alikuwa ameyabeba kifuani alipokuwa akitembea na Shangazi kwenye manyunyu, wakikwepa madimbwi mbele ya maduka yaliyokuwa bado yanafunguliwa. Shangazi alikuwa akiongea bila kupumzika, kama kawaida yake akiwa na hofu.

"Huyu mtoto ametoka wapi na ukali huu? Eti Sista amemuua Mama. Sista yule? Hata sindano anaomba samahani kabla hajaichoma. Wewe mwambie mdogo wako apunguze moto. Wewe anakusikiliza."

"Nitamwambia, Shangazi."

"Mbona unasema kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino?"

Chumba cha Daktari msimamizi kilikuwa kidogo: meza, kabati la chuma, mizani ya kusimama kwenye kona, na viti vitano vilivyoletwa kutoka varanda. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Sista alikaa pembeni, kadi ya mgonjwa ikiwa juu ya magoti yake, macho yamevimba. Kitinda alikuwa tayari amefika. Alikuwa amekonda, mikono yake yenye makovu ya cheche imeshika karatasi aliyoichapisha na kuiwekea plastiki ngumu ili isiharibike. Mama Daftari aliitambua kabla hajaketi. Ilikuwa ile ya Jumapili ya mwisho.

"Shikamoo Shangazi. Shikamoo Dada," Kitinda alisema, akampisha dada yake kiti kilicho karibu naye. Kisha akamgeukia Daktari.

"Mimi si msomi wa mambo yenu, Daktari. Mimi ni mtu wa vyuma. Lakini mstari ninaujua. Wiki tisa mama yangu hakupungua, huu hapa. Kunywa kunaongezeka, huu hapa. Sista anabadilisha dawa Jumatatu, Ijumaa mama amekufa. Halafu anasema alitoa taarifa. Alimpa nani? Mimi sikuipata."

"Nilimwambia dada yako," Sista alisema taratibu. "Pale getini."

Hakumtazama Mama Daftari wakati anasema. Alikuwa amempa nafasi, na nafasi ilipita. Shangazi alikohoa.

"Kadi inasema alipungua kilo kumi na mbili," Daktari alisema.

"Kadi!" Kitinda aliruka. "Hebu iangalieni. Wino mmoja kutoka juu hadi chini. Huyu ameijaza yote juzi, aliposikia nakuja."

"Kalamu ninayo moja, kaka yangu," Sista alisema. "Ndiyo hii."

Daktari alivua miwani. "Tuelewane. Kuna kadi yetu na kuna grafu ya familia, na hazisemi kitu kimoja. Malalamiko haya nikiyapeleka ofisi kuu, Sista anasimamishwa kazi leo hii hadi uchunguzi uishe. Ana miaka kumi na minne hapa. Ndiyo maana nimeomba nione kompyuta yenyewe kabla sijatia sahihi."

Wote walimgeukia Mama Daftari.

Angeweza kuifungua, akaonyesha picha, akanyamaza. Picha ingefanana na ile ya kwenye plastiki. Alijua hilo, na kwa sekunde chache aliliacha taulo bila kulifungua. Kisha alipiga moyo konde, akaifunua mashine, akaiwasha, na ilipokuwa ikiamka midomo yake ilikuwa ikitikisika bila sauti.

"Kitinda, sogea hapa," alisema. "Sijafungua grafu. Nimefungua jedwali, pale ninapoandika. Wewe soma namba zangu. Sista, nakuomba usome za kwenye kadi, siku ulizokuja tu."

Kitinda alishangaa, lakini akainama. "Tarehe nane. Hamsini na tatu."

"Hamsini na tatu," Sista alisema.

"Tarehe kumi na mbili. Hamsini na mbili."

"Hamsini na mbili."

Walikwenda hivyo, mmoja akisema, mwingine akiitikia. Sauti ya Kitinda ilianza ikiwa ngumu. Walipofika arobaini na saba ilipungua. Walipofika arobaini na tatu alikuwa akinong'ona, na mwisho alisema "arobaini na moja" kama mtu anayeuliza.

"Arobaini na moja," Sista aliitikia, akaifunika kadi.

"Namba ni zilezile," Daktari alisema. "Sasa grafu imekuwaje?"

"Sasa tazameni," Mama Daftari alisema. Alifungua grafu. Ilikuwa ileile: mwekundu umenyooka, wa bluu unapanda. Alibofya mhimili wa kulia. Akafuta sifuri, akaandika arobaini. Akafuta mia tatu, akaandika hamsini na nne.

Mstari mwekundu ulianguka mbele ya macho yao.

Manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua na yaligonga kioo cha dirisha.

"Urudishe," Kitinda alisema.

Akaurudisha. Ukanyooka.

"Uangushe tena."

Ukaanguka. Alinyoosha kidole, akaufuata kwenye skrini kutoka juu, polepole, wiki baada ya wiki, hadi chini kabisa, na pale chini kidole kilibaki. Kisha aliichukua ile karatasi yake ya plastiki, akautazama ukingo wake wa kulia.

"Mia tatu," alisema. "Iko hapa. Siku zote ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapo."

"Mimi kwenye simu nilikuwa naivuta ikue, nimwone Mama vizuri. Nikawa nakata pembeni." Aligusa ile namba kwa kidole. "Kilo mia tatu. Nani ana kilo mia tatu? Hata ng'ombe..." Alishindwa kumalizia.

"Mwanangu," Shangazi alisema kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha hata chembe, "umefanya nini?"

"Nani alikutuma?" Kitinda aliuliza.

Jibu jepesi lilikuwepo, na lilikuwa na ukweli ndani yake. Mama amelala kaburini, hawezi kukataa. Mama Daftari aliliona likimjia hadi ncha ya ulimi.

"Mama aliniomba mara moja," alisema. "Alitaka umalize daraja. Mara nyingine zote nilijituma mwenyewe. Uliniandikia Mungu aibariki mikono yangu, na mimi nikapenda kuambiwa hivyo. Sista alinishika mkono getini, akaniambia nikuite. Alisema waziwazi. Sikukuita. Sista hana kosa lolote, Daktari. Alitimiza kazi yake yote."

Sista aliinamisha uso kwenye viganja. Kitinda aligeuza kiti chake upande wake.

"Sista. Nimekuita muuaji mbele ya majirani."

"Ulikuwa na uchungu, kaka."

"Bado ninao. Nisamehe." Akamgeukia Daktari. "Andika kwamba nimeyafuta. Nitatia sahihi."

Daktari aliandika. Kalamu ilikwaruza, Kitinda akasaini, akaiacha ile karatasi ya plastiki mezani kama kitu kisicho chake. Alipoinuka, alikuwa kama mtu aliyezeeka katika kiti kile. Mama Daftari naye aliinuka, akanyoosha mkono, na Kitinda akarudi nyuma hatua moja.

"Siku tisa, Dada. Ningeomba ruhusa ya siku tisa tu. Wangenipa. Msimamizi wetu alimzika baba yake mwaka jana, angenipa hata bila barua." Alikitazama kiganja chake. "Ningemshika mkono. Hata kama asingenitambua. Wewe ulimshika kila siku, ukaona mimi sihitaji?"

"Ulihitaji."

"Sasa nitajuaje lolote? Nikikuuliza alikula nini, alisema nini, aliniulizia au hakuniulizia, nitajuaje kwamba hujaninyooshea?"

Alilitafuta jibu kwa Mungu wake hapo hapo, amesimama, machozi yakimdondokea kwenye kola, na alichokipata ni kidogo, lakini kilikuwa cha kusemwa.

"Shangazi, simama," alisema. "Daktari, Sista, nawaomba muwe mashahidi wangu, kwa sababu neno langu peke yake kwa ndugu yangu halina uzito tena."

Shangazi alisimama, ameshikilia kiti. Sista aliinua uso. Kitinda alikuwa ameshika kitasa cha mlango, lakini hakukigeuza.

"Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu," Mama Daftari alisema. "Leo nitawaambia ndugu zetu wote nilichokifanya, kwa mdomo wangu, kabla hawajakisikia kwa mtu. Na wewe, Kitinda, nitakupa siku za Mama zote, moja moja, kila utakaponiuliza, hata ukinichukia, hata usiponisamehe. Zile zinazonitia aibu ndizo nitakazotanguliza. Nitaanza na Jumatano, siku mbili kabla hajafa. Alikuita kuanzia asubuhi mpaka saa nane, simu ilikuwa mkononi mwangu, na nilimwambia uko njiani unakuja."